Siku Shemeji Alipoyapaka Mawe Rangi

Mwanangu Neema, iko siku siisahau, na wewe ulikuwepo, umefungwa mgongoni ukinitafuna kola. Sina mvi hata moja, lakini ya kukuambia ninayo, na hasira zangu unazijua.

Tulikuwa tunauza miche mtaa wa Lucky Summer, kwenye kauwanja ka landilodi kando ya barabara. Siku moja mwenye kiwanja huyo akaja na habari kwamba mtu anataka kuoshea magari pale, na Jumamosi atamleta apaone. Nikajiambia, watu wakijaa kwa bustani yangu, huyu mzee hataweza kunifukuza mbele yao. Nikaamua kujenga maporomoko ya maji. Madogo tu, lakini yafanane na ya mtoni.

Nikarundika udongo, nikautandika nailoni nyeusi, nikazika karai chini la kupokea maji. Mawe niliyaokota mtaa wa Baba Dogo walikokuwa wakichimba msingi, nikayapanga sawasawa, moja juu ya lingine. Kisha nikaenda Kariobangi kutafuta pampu ya kurudisha maji juu.

Niliporudi, mawe yalikuwa meupe. Wafula, ndugu mdogo wa baba yako, alikuwa amechukua rangi ya mafuta iliyobaki kwenye geti la kanisa akayapaka yote, kama yale ya kando ya njia kwa ofisi ya chifu. Amesimama na brashi, anangoja asante.

“Si sasa inang'ara, shem?”

Mwanangu, nilichomwambia nitakusimulia ukishaolewa. Mteja mmoja akapita, akauliza bendera inapandishwa saa ngapi. Nikaketi chini, mikono nimekunja, nikasema basi, magari yaoshwe.

Nyanya yako alikuwa ametoka Bungoma kuja kukuona. Alimcheka mwanawe mpaka akafuta machozi kwa leso. Kisha akanigeukia mimi.

“Mama Neema, hizo nguvu za kutukana ziko na kazi hapa. Jiwe limepakwa upande mmoja tu. Ligeuze. Na hata kabla ya rangi, mto gani uliwahi kuuona ukishuka ngazi?”

Nikageuza. Sikupanga tena, nilikuwa nabwaga tu, kila jiwe na jina la Wafula, naye akinisogezea huku akichunga vidole vyake. Moja likalala ubavu, lingine likatokeza mdomo, lingine likaziba njia. Nyanya akashindilia miche ya kangaga kwenye nyufa. Tulipowasha pampu, maji yalisita pale juu, yakatafuta pa kupita, yakagawanyika, yakaanguka huku na kule kwa kelele. Ukaiacha kola yangu, ukacheka.

Jumamosi landilodi alikuta bibi harusi anapigwa picha kwenye maporomoko na watu wamejipanga nyuma yake wakingoja zamu. Akainama, akagusa maji, akaniuliza polepole, “Haya mawe yalikuwa hapa siku zote?”

Nikamwambia hata sisi tuliyakuta tu. Yule wa kuosha magari akatafutiwa kwingine.

Basi sikia. Usikubali kuambiwa mwanamke mzuri hakasiriki. Kasirika, lakini usikunje mikono. Mtu akikuharibia kitu, kabla hujakitupa kitazame upande wa chini. Usijinyooshee kila kitu maishani, acha mahali maji yatajitafutia njia. Na shemeji akija kukusaidia, ficha rangi.

Mungu akupe mikono ya nyanya yako na mdomo wangu, akupe na pa kusimama ambapo hakuna wa kukuondoa.