Kioo Nilichokifunga Mwenyewe Kwenda Posa

Aibu hii ningeweza kunyamaza nikafa nayo, lakini wajukuu wameanza kuisimulia wenyewe na wanaisimulia vibaya, wanasema suruali ilinivuka yote. Haikuvuka. Ilichanika. Kwa hiyo bora niandike mimi, mwenye suruali.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka ya Songea yamejaa vitu ghafla, suti za mitumba zimefika, na mimi niliyeishia darasa la pili (la pili lenyewe sikulimaliza) nikajinunulia pikapu kuukuu kwa jasho la mahindi yangu. Mwanangu Beno alikuwa amempata binti huko Namtumbo, barua yetu imepokelewa, tumeitwa Jumamosi tukajitambulishe. Watu hao walikwisha kuwarudisha wachumba wawili kabla yetu, na sababu waliitoa wazi, kwamba hawampeleki mtoto wao kwenye nyumba ya majivuno. Beno akaniambia, "Baba, nakuomba, siku hiyo usiongee sana." Nikamwambia aanze kunyamaza yeye.

Sasa Alhamisi, tunapakia mahindi, mpini wa jembe ukavunja kioo cha mlango wangu wa dereva. Nikatafuta kingine kwenye gari bovu la aina ileile, nikampelekea fundi Saidi pale Bombambili.

"Shikamoo, mzee. Kiache hapa, Jumatatu nakifunga. Kioo hakitaki haraka."

"Jumamosi nina safari ya ukweni."

"Basi nenda bila kioo, mzee. Vumbi halijaua mtu."

Niende kuposa nimepauka kama mwashi? Nikabeba kioo changu nikarudi nacho nyumbani. Nyumba nimejenga kwa mikono hii, kisima nimechimba, kioo kinishinde kwa lipi?

Nikafungua ule ubao wa ndani wa mlango, nikatoa kila kilichotoka, nikapanga vyote juu ya gunia. Kioo kikaingia vizuri tu, lakini kupanda hakitaki, kinapanda upande mmoja kama mlevi anayepanda ngazi, basi nikawa nalegeza reli, nakaza, nalegeza tena, nikakipaka sabuni ya kufulia, nikakipiga kofi moja la mzazi, na kufika jioni kikapanda mpaka juu, kimeinama kidogo lakini kimefika. Kwenye gunia vikabaki skrubu tatu, kipande cha raba na kijiti kirefu cha chuma. Nikamwambia mke wangu kwamba waliotengeneza gari huwa wanaweka vya akiba.

"Ndani ya mlango?" akauliza.

Kile kijiti ndicho kilichounganisha mkono wa ndani na kitasa, kwa hiyo tangu jioni ile mlango ukawa haufunguki kwa ndani. Sikuona shida. Nilikuwa nashusha kioo, natoa mkono nje, nafungua, nashuka, tena kwa madaha.

Jumamosi tukaondoka, mimi na jirani yangu Gaudensi, ambaye ndiye mshenga, tumekaa mbele, Beno nyuma kwenye bodi amejifunika khanga ya mama yake. Vumbi la barabara ile mnalijua. Nikapandisha kioo mpaka mwisho, tukafika safi, suti inang'aa, wenyeji wamejipanga uwanjani, vigelegele vinapigwa. Nikazungusha ule mkono wa kushushia kioo. Mkono ukazunguka bure kama umekatika ndani. Kioo kimekaa palepale juu, kimebana, hakisikii.

Gaudensi alikwisha shuka kwa mlango wake. "Shuka basi, tunangojwa."

"Nashuka."

"Nizunguke nikufungulie kwa nje?"

"Mimi nifunguliwe mlango kama bibi harusi? Simama hukohuko."

Hapo ndipo nilipojimaliza. Nikaamua nitokee kwa mlango wa Gaudensi (na miaka ile nilikuwa nimenenepa, ruksa ilinikubali), na kwa kuwa ningetanguliza kichwa ningeanguka kifudifudi, nikageuka, nikatanguliza miguu, kinyumenyume, kama mtu anayeshuka darini.

Lazima mjue kwamba kwa watu wale, siku ya posa mama wa binti hamtazami baba wa mchumba. Anapiga magoti pembeni, macho chini, na wewe unapita huku unatazama kwingine. Heshima hiyo niliifanyia mazoezi wiki nzima. Mama yule alikuwa amepiga magoti hatua tatu kutoka mlango wa Gaudensi, macho chini, ametulia kabisa, na angeendelea hivyohivyo kama kiwiko changu kisingelala juu ya honi.

Honi ikalia ndefu. Mama akashtuka, akainua macho. Nami nikashtuka, nikajivuta kwa nguvu, mfuko ukanasa kwenye gia na suruali ikapasuka kutoka mshononi mpaka kiunoni. Ndani nilikuwa nimevaa kaptura aliyonishonea mke wangu enzi za uhaba, kwa gunia la unga wa msaada (ilikuwa bado nzima, ningeitupa kwa nini?), na maandishi yake yalikuwa hayajafutika. HAIUZWI.

Uso sikumwonyesha. Hilo nililitimiza.

Mama akajifunika khanga akakimbilia ndani. Vigelegele vikakatika. Baba wa binti akaangalia viatu vyake, na Beno, masikini, alikuwa amerudi kujifunika kwenye bodi. Akainuka bibi wa binti, Bibi Skola, na fimbo yake, akazunguka gari taratibu mpaka upande wa dereva, akabonyeza kitasa kwa kidole kimoja. Mlango ukafunguka.

"Mbona unafunguka?" akauliza.

"Unafunguka kwa nje tu, mama."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Na sisi tumesimama hapa watu ishirini. Fundi wako nani?"

Gaudensi akawahi, "Kuna fundi mmoja pale Bombambili, mama, kijana wa hovyo kabisa..."

Nikamtazama Beno. Nikasema, "Mwongo huyo. Fundi alinikataza haraka. Nimefunga mimi."

Bibi akawageukia wanawe. "Huyu majivuno yameshampasukia," akasema. "Mpeni khanga ajifunge, aingie ale."

Niliposa nimevaa khanga juu ya suti. Tulikubaliwa.

Kioo tangu siku ile sijagusa, hata cha kunyolea ananishikia mtu. Na huyo binti ndiye mkwe wangu mpaka leo, mama wa hao wajukuu wambeya. Kila nikiwatembelea, gari likisimama tu anatoka ndani mbio, ananifungulia mlango kwa nje, ananiambia shikamoo baba bila kucheka. Namsubiri afungue. Milango ya magari ya siku hizi yote inafunguka kwa ndani, lakini namsubiri.