Noti Yenye Mgongo Mweupe

Aibu ziko mbili. Naanza na ile ndogo.

Mpaka juzi, na umri wangu huu wa miaka ishirini na nne, nilijua shangazi yangu anafanya kazi mochwari. Hakuna aliyeniambia. Nilimsikia mwenyewe kwenye simu: "Leo maiti kumi na moja. Zote nimezitenga, kesho zinaondoka." Wewe ungefikiri nini? Ukimuuliza kazi yake anajibu, "Kiwandani, mwanangu," kisha mdomo kufuli. Basi akipika, mimi nimeshiba. Nikimsalimia, "Shikamoo shangazi," mikono nimeificha nyuma. Yeye anacheka: "Marahaba. Mbona kama umeona jini?"

Haya, aibu kubwa.

Mwezi uliopita muuza duka alinipa chenji, na noti moja ilikuwa mbele safi, nyuma nyeupe pe. Hata nukta. Nikapiga picha ule mgongo mweupe, nikaandika humu humu: "Noti ya nchi nzima imetoka uchi. Mkaguzi alikuwa anakagua au anakoroma? Afukuzwe!" Mlicheka, mkasambaza, mkaongeza na matusi yenu. Jamaa mmoja anayekusanya vitu vya ajabu akaitaka noti yenyewe. Akanipa mara kumi ya thamani yake, jina hakusema, na mimi sikuuliza. Nikanunua viatu.

Juzi nikaenda kwa shangazi na viatu vyangu. Nikamkuta anapiga pasi ovaroli mbili za kijivu.

"Shangazi, hizi mbona hazina mfuko hata mmoja?"

"Za kiwanda cha noti, mwanangu. Ukiwa na mfuko utasingiziwa. Ijumaa nazirudisha, kwa hiyo sasa naweza kukwambia."

"Noti? Si mochwari?"

Pasi ilimponyoka. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mochwari! Ndiyo maana chakula changu kilikuwa kinakushinda!"

Kumbe maiti ni karatasi iliyoharibika, ndivyo wanavyoiita. Noti hazichapwi moja moja, zinatoka arobaini kwenye karatasi moja pana. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kugeuza kila karatasi kwa kidole gumba, mbele na nyuma. Yenye kasoro anaipiga msalaba kwa penseli nyekundu na kuitenga. Hiyo imeshakufa.

"Sasa kwa nini unarudisha ovaroli?"

Kicheko kikaisha. "Karatasi mbili ziligandana mashinini. Moja ikatoka na mgongo mweupe, na mtu mezani hakuiona. Kuna kijana akaiweka mtandaoni, lakini kaonyesha mgongo tu. Namba iko mbele, na namba ndiyo ingesema imepita meza ya nani. Tukasimamishwa wakaguzi wote sita."

"Halafu?"

"Halafu nikasema ni mimi."

"Ni wewe kweli?"

"Sijui." Akaunyoosha mkono wa ovaroli juu ya meza, polepole. "Wenzangu wana watoto wadogo. Mimi nina wewe."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Shangazi, yule kijana ni mimi."

Hakupiga kelele. Bora angepiga.

"Noti iko wapi?"

"Nimeiuza."

Akavitazama viatu vyangu, muda mrefu, kama anavyotazama karatasi. "Vimekukaa," akasema.

Alinipakulia chakula. Nilikula sahani nzima bila kuinua macho. Nilipomaliza nikamwambia nitaitafuta hiyo noti hata iwe imefichwa wapi.

"Na namba ikisema ni mimi?"

Nikainama, nikavivua vile viatu.

"Itafute," akasema mwenyewe. "Miaka kumi na tisa nakagua. Siwezi kuondoka na moja sijaikagua."

Kwa hiyo wewe uliyeinunua, na najua unasoma hapa maana ndipo uliponipata: noti baki nayo. Igeuze mbele, nisomee namba, basi. Ukitaka malipo, viatu hivi hapa, sijavivaa tena. Na ninyi mlioandika "afukuzwe" chini ya maneno yangu, msijifiche nyuma ya kicheko, mimi ndiye niliyewafundisha hilo neno.

Ovaroli zinarudishwa Ijumaa, saa mbili asubuhi. Leo ni Jumatano.