Mama Hodi na Barua za Kliniki

Mlango uwe wazi, uwe na pazia tu, uwe wa chumba chake mwenyewe cha kazi, hakuwahi kuupita bila kugonga. Aligonga kwa kifundo cha kidole, akasema hodi, akangoja kidogo, ndipo akaingia. Kliniki nzima ya figo ilimwita Mama Hodi. Wifi yake, aliyekaa mapokezi, hakuacha kumchokoza.

"Wifi, humo ndani kuna kiti na feni tu. Nani akukaribishe?"

"Feni ina adabu kuliko kaka yako. Angalau inanipepea."

Kazi yake ilikuwa kutuma barua pepe za kliniki. Wagonjwa waliokuja kusafishwa damu walipangiwa siku zao, na mashine ikiharibika au maji yakikatika, siku zilibadilika. Wa kujulishwa hakuwa mgonjwa peke yake. Kulikuwa na mwanawe aliye mji mwingine anayepanga gari, na binti anayeomba ruhusa kazini ili amsindikize. Barua moja iliwafikia wote.

Alipoipokea kazi hiyo, barua zilikuwa hazifiki popote. Kampuni zinazotunza barua pepe za watu zina mitambo inayomchunguza kila mtumaji kama bawabu anavyomkagua mgeni: barua zake hufunguliwa au hupuuzwa? Zinakwenda kwenye anwani zilizokufa? Wapokeaji wanazilalamikia? Mgeni asiyejulikana akimwaga maelfu kwa mkupuo, barua zake hutupwa kwenye folda ya taka, mahali ambapo hakuna anayechungulia. Basi Mama Hodi alianza na wachache, wale waliokuwa wakizisubiri barua kwa hamu. Wakazifungua, wakajibu. Akaongeza wengine, polepole. Anwani iliyokufa aliifuta. Aliyeomba kuondolewa alimwondoa siku hiyohiyo, akamweka kwenye orodha ya peke yake ili asije akatumiwa tena kwa bahati mbaya.

"Mtu akikwambia usije kwake, usiende hata kama umebeba zawadi," alimwambia wifi yake.

Ilichukua miaka. Hatimaye barua za kliniki zikawa zinaingia kwenye kikasha moja kwa moja, kama mtoto wa nyumbani.

Halafu akaja meneja mpya, mtu wa suti nyepesi na maneno matamu, mwenye hamu ya kujaza chumba kipya cha vipimo. Mama Hodi alikuwa likizo, akimuuguza mama yake mzazi. Meneja akafungua kompyuta, akaikuta ile orodha ya walioomba kuondolewa. Aliona maelfu ya watu wasiotumiwa chochote, akafurahi. Hawa, alisema, ni wateja waliosahaulika. Akawatumia wote tangazo kwa asubuhi moja: "Tumekumisi! Mlete umpendaye apimwe figo kwa nusu bei."

Hakujiuliza kwa nini watu wale walijiondoa. Wengi wao walikuwa wafiwa. Waliomba barua zikome kwa sababu mgonjwa wao hakuwa na siku nyingine ya kupangiwa.

Mamia yao wakabonyeza kwamba hizi ni barua taka. Mitambo haina macho ya kuona machozi, lakini malalamiko inayahesabu. Kufikia mwisho wa wiki, kila kilichotoka kliniki kilikwenda takani.

Wiki iliyofuata maji yakakatika. Taarifa ikatumwa kama kawaida, na asubuhi korido ikajaa watu. Dereva mstaafu aliletwa na binti yake, miguu imemvimba hata viatu vimekataa, akakaa kwenye benchi akihema.

"Mbona hamkutuambia?" binti alifoka. "Nimekopa gari la watu!"

"Tumewaandikia, dada," wifi alimjibu kutoka mapokezi.

"Mmemwandikia nani? Haya, shika simu, tafuta mwenyewe!"

Wifi alitafuta. Barua aliikuta kwenye taka, katikati ya bahati nasibu na dawa za kuotesha nywele. Akamrudishia simu. Ndipo akampigia Mama Hodi.

Kesho yake Mama Hodi alifika na begi la safari begani. Aligonga mlango wa meneja, akangoja akaribishwe, akaingia. Wifi alibaki nje na mafaili yasiyo na haraka, akisikiliza.

"Nani alikuruhusu kuigusa ile orodha?"

"Mama, tulia. Ilikuwa imekaa tu, haitumiki."

"Haitumiki kwa sababu walituomba tuwaache! Huyu hapa kwenye orodha amemzika mkewe. Mkewe alikuwa analala kwenye mashine zetu. Wewe unamwandikia umemmisi? Umemmisi nani?"

"Biashara ni kujitangaza, mama."

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Jina hili nimelijenga tofali kwa tofali, wewe umelibomoa chai yako haijapoa."

"Basi tununue anwani nyingine, tuanze upya."

"Anayenuka akihama nyumba, harufu anahama nayo."

Meneja, kwa sauti ya upole iliyomchefua wifi kuliko matusi, akasema watu wanahitaji kuombwa radhi, na barua ingefaa itoke kwa jina la Mama Hodi. Yeye ndiye aliyezoeleka.

"Ulipotuma hukuhitaji jina langu," alisema Mama Hodi. Akatoka.

Hakuacha kazi. Hasira haikumtoka, aliifanyia kazi. Alipiga simu familia moja baada ya nyingine mpaka sauti ikakauka, akiwaelekeza namna ya kuitoa barua kwenye taka na kuijibu, ili mitambo ione kwamba kuna watu wanaoitaka. Akaanza tena na wachache. Kila meneja alipopita na tangazo jipya mkononi, Mama Hodi alimtazama mpaka mwenyewe akageuka. Shingo ilimuuma, kichwa kikamgonga, wifi akamsihi akapime presha. Alisema atakwenda barua zikirudi kufika. Zilikuwa zimeanza kufika kwa nusu ya watu alipoanguka kazini.

Meneja hakwenda kumwona. Alimtuma wifi hospitali akaulize paswedi mpya aliyoiweka Mama Hodi aliporudi kazini, akampa na ile barua ya radhi, imekwisha kuandikwa, jina la Mama Hodi chini yake. Wifi alisimama kando ya kitanda akiona haya kama aliyetumwa kuiba. Mama Hodi aliisoma yote, taratibu, mdomo umepinda upande mmoja. Aliyoyasema alipomaliza yalikuwa ya mwisho wifi kuyasikia kwake; siku mbili baadaye alifariki.

"Paswedi anayo kaka yako, ichukue umpe meneja, wagonjwa wasiteseke," alisema. "Lakini hapo chini futa jina langu, wifi, aweke lake. Na nikifa, asithubutu kutangaza msiba wangu kwa mkupuo. Waambiwe wanaonijua."