Nilichokitoa kwenye tangi la choo la gari la marehemu

Admin, ficha jina langu tafadhali, watoto wa mama ninayemzungumzia wanafuata ukurasa huu. Mimi ni dada wa miaka thelathini na mmoja, naishi Satellite, sijaolewa. Ni fundi wa mabomba kwenye yadi moja karibu na Dagoretti Corner, tunatengeneza yale magari makubwa ya kusafiria yenye kitanda, jiko na choo humo humo ndani. Watu hushangaa kuona mwanamke amelala chini ya gari akizibua choo, lakini kazi hii imenilisha miaka saba na haikuwahi kunikosesha usingizi. Mpaka miezi miwili iliyopita.

Mjane mmoja wa Kileleshwa, mwalimu mstaafu, nitamwita Mama Kendi ingawa si jina lake, alituletea gari la marehemu mumewe. Lilikuwa limeegeshwa karibu mwaka mzima tangu mazishi. Alitaka kuliuza, lakini kila aliyekuja kuliangalia alitoka ameshika pua. Ukivuta valvu ya kumwagia uchafu wa choo, yanatoka matone tu, na kipimo kinasema tangi limejaa.

Nilianza na yale rahisi. Nikalisogeza mahali tambarare, maana likiinama kidogo tu maji hayatoki. Nikapanda juu ya paa, nikakuta nyigu wamejenga ndani ya bomba la hewa, nikawatoa. Bado. Nikasukuma maji kwa mpira kutoka chini, nikaacha uchafu uloweke mpaka kesho yake. Bado. Ikabidi nifungue valvu yenyewe.

Siku hiyo ya pili Mama Kendi alikuwa ameketi kando kwenye kiti cha plastiki, akinisimulia bila mimi kuuliza. Mumewe alikuwa na ugonjwa wa moyo. Daktari aliwaruhusu wasafiri, mradi asikose dawa, na ni yeye mama aliyempa kila asubuhi na kila jioni kwa wiki tatu. Alikuwa akikata kidonge kimoja na foili yake kwa makasi, anampa na glasi ya maji, halafu mzee anaenda nacho kule nyuma kujitayarisha. Walipofika Naivasha, asubuhi moja akamgusa akakuta amepoa. Dada za marehemu wakasema amemchanganyia dawa. Walilisema hilo kwenye matanga, watu wakisikia, na tangu hapo hawajakanyaga kwake. Yeye naye amelisikia mpaka akaliamini.

"Msichana wangu," akaniambia, "mimi ndiye nilimuua. Macho yangu hayaoni vizuri. Sijui nilimpa nini."

Nikarudi chini ya gari, nikafungua.

Kwanza ulitoka uchafu ulioganda, ule unaobaki watu wakiacha valvu wazi, maji yakatoka peke yake. Huo nimeuona mara nyingi. Lakini katikati yake kulikuwa na mafundo madogo ya soksi za kiume, yamekazwa kwa uzi. Nikakata moja. Ndani kulikuwa na vidonge, kila kimoja kwenye foili yake, kimekatwa kwa makasi pande zote. Nikakata lingine, vilevile. Jina lililokuwa nyuma ya foili lilikuwa lile lile la boksi tupu la dawa nililoliona juu ya sinki ndani ya gari. Nilianza kuhesabu nikaacha. Mzee hakuwa amemeza karibu chochote.

Nililala pale chini nikitazama viatu vya Mama Kendi, viatu vyeusi vya kanisani, karibu sana na kichwa changu. Akaniuliza kama nimeona shida ni nini. Nikamwambia ni karatasi za choo, mama, zimegandamana. Akasema, "Yeye alikuwa anapenda kubana matumizi ya maji."

Nikamwita bosi kando nikamwonyesha. Ni mtu mzima, ana watoto wakubwa, nilidhani atajua la kufanya. Akaangalia, akasema, "Kazi yetu ni kuzibua bomba, si kuzibua nyumba ya mtu. Tupa hiyo kitu, na usimwambie mtu." Nikatupa. Vidonge vitatu nikavitia mfukoni, na hata leo siwezi kuwaambia kwa nini.

Maji yakashuka vizuri. Mama Kendi akanishika mikono kabla sijainawa, akaniombea.

Tangu siku hiyo sina amani. Nikifungua mfereji nyumbani nasikia makasi yakikata. Navuta ile harufu hata kanisani, na najua haipo. Namwona mzee amesimama kwenye kile choo kidogo, akifunga soksi kwa uzi, huku mkewe upande wa pili wa mlango akidhani anamponya. Alikuwa amechoka? Dawa zilikuwa zinamuumiza, akaogopa kumwambia? Au alitaka kufa akiwa safarini naye? Hakuna wa kumuuliza.

Juzi Mama Kendi alinipigia simu. Gari limepata mnunuzi. Akanialika nyumbani kwake Jumamosi hii kwenye ibada ya kumkumbuka mumewe, mwaka ukiwa umetimia. Dada za marehemu wamekubali kuja, lakini kwa sharti moja: asimame mbele ya watu wote aombe msamaha kwa alichomfanyia ndugu yao. Amekubali. Sauti yake ilikuwa na furaha, alisema sasa ataweza kupumzika.

Nikinyamaza, atatubu dhambi isiyo yake mbele ya watu wanaomchukia. Nikisema, atajua kwamba mwanaume aliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na minane alimdanganya mara mbili kwa siku, na labda alichagua kumwacha. Na atajua kwamba mimi nilimwangalia usoni nikamdanganya pia.

Nyinyi mliozika waume zenu, nyinyi ndio nawauliza. Ingekuwa ni nyinyi, mngetaka kuambiwa? Nijibuni kabla ya Jumamosi.