Shahidi wa Mpiga Pasi

Kwenye kiwanda cha kushona nguo, mpiga pasi ndiye anayetoka wa mwisho. Mafundi wa vyerehani wakishafunga vyao na kujipaka mafuta mikononi, kwake ndiyo kwanza nguo zinarundikana mezani. Mama mmoja aliifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Mikono ilijaa makovu ya kuungua, na nguo zake zilinuka mvuke hata siku ya mapumziko.

Msimamizi wao alikuwa na mtindo wake. Ikifika saa kumi na moja jioni anapitisha daftari, kila mtu anasaini kwamba ametoka, halafu wapiga pasi wanarudi mezani mpaka giza linawakuta. Wakiuliza malipo ya saa za ziada wanaambiwa mlango uko wazi, anayechoka aende akapumzike kwao moja kwa moja.

Mwisho yeye na wenzake wawili wakapeleka madai ofisi ya kazi. Daftari likawaumbua, maana saini ni zao wenyewe. Wakijaribu kutoleana ushahidi, meneja wa kiwanda anacheka kwamba wamekaririshana. Msuluhishi wa ofisi hiyo akawaambia wamlete mtu wa nje, asiyedai chochote, anayejua walikuwa wakitoka saa ngapi. Wenzake wote wawili wakamgeukia yeye. Mmoja aliishi peke yake, wa pili mume wake alikuwa mtu wa safari. Yeye ndiye aliyekuwa na jirani anayejua saa zake za kurudi.

Jirani mwenyewe alikuwa Bi Redio, aliyeitwa hivyo kwa sababu hazimiki. Ndiye aliyekaa na mtoto wa mpiga pasi tangu anatambaa hadi sasa anakimbia. Kumsimamisha Bi Redio mbele za watu ni kumfungulia bomba, na lilikuwapo jambo moja mpiga pasi hakutaka litoke nje ya ua wao. Akamwendea, akamwomba ataje saa tu, basi. Bi Redio akaapa kwamba siku hiyo watadhani amezaliwa bubu.

Chumba cha usuluhishi kilikuwa kidogo, meza moja na viti visivyofanana. Meneja alikaa kwa kujinafasi, na mpiga pasi, kwa mazoea, akajikuta anaikagua kola ya shati la bwana huyo. Ilikuwa imepigwa vibaya. Akainamisha macho haraka.

Bi Redio alianza vizuri. Alisema jirani yake alikuwa akibisha hodi wakati taarifa ya habari ya saa mbili imeisha zamani na vyombo vimeshaoshwa. Msuluhishi akaandika. Meneja akauliza kwa upole wa kuchokoza, nani anajua mama huyu alikuwa anapitia wapi baada ya kazi. Mji una mambo mengi. Akaongeza kwamba mama mwenye mtoto mdogo asingekubali kukaa kazini mpaka saa zile, mtoto angemuulizia.

Hapo bomba likafunguka.

"Amuulizie nani?" Bi Redio aliuliza. "Mtoto mama yake ni mimi, ndivyo anavyojua. Huyu akija kumchukua siku ya mapumziko, anakimbilia nyuma ya kanga yangu. Ananiambia, mama, mgeni wako amekuja."

Hakuna aliyecheka. Wenzake wawili wakashughulika na mikoba yao. Mpiga pasi aliona uso unamwaka kama ameinamia mvuke, akatamani kiti kimmeze.

"Ni kweli, mama?" msuluhishi akamuuliza.

Angeweza kusema ni utani wa watoto. Bi Redio angeonekana mwongo, madai ya watu watatu yangeishia hapo, lakini yeye angetoka na uso wake. Aliwatazama wenzake. Walikuwa bado wanatafuta kitu ndani ya mikoba.

"Ni kweli," akasema. "Naondoka amelala, narudi amelala. Siku ya mapumziko ndiyo tunaonana, na siku hiyo ananiogopa."

Msuluhishi akaandika kwa muda, kisha akasema ushahidi umetosha, kiwanda kitawalipa wote watatu saa zao. Nje wenzake walimshika mkono na kumshukuru, kila mmoja akiongea na bega lake. Hakuna aliyeweza kumtazama usoni, wala yeye hakutaka watazame.

Njiani Bi Redio alikaa kimya kwa mara ya kwanza. Karibu na nyumbani akasema, "Nimekuvua nguo, mwenzangu. Nisamehe."

"Umesema kilichopo, dada."

Jua lilikuwa bado juu. Mtoto alikuwa uani na binti wa Bi Redio, akawaona, akaja mbio mikono juu, akampita mama yake. Bi Redio akaificha mikono mgongoni. Akamwita binti yake, wakaingia ndani, akafunga mlango.

Mtoto akaanza kuugonga kwa viganja huku analia mama, mama. Mpiga pasi hakumkamata. Aliketi chini kwenye vumbi, karibu lakini si karibu sana, na kila mtoto alipouita mlango ule, yeye akaitika.

"Naam, mwanangu."

Mtoto hakugeuka. Akaita tena.

"Naam."