Maman Neema na gemu ya wakubwa

Jamani, leo nilitamani sakafu ya duka ipasuke inimeze.

Bon, mnajua nauza magemu hapa Columbus, Marekani. Gemu ya wakubwa hatumuuzii mtoto. Akija na mzazi, lazima nimweleze mzazi kilicho ndani. Ndiyo sheria ya duka.

Leo nani anaingia? Maman Neema, kiongozi wa wamama kanisani kwetu! Na kijana wake wa miaka kumi na nne, gemu mkononi.

"Binti yangu, tuuzie hii. Anasema ni ya mashindano ya magari."

Kweli, kwenye boksi kuna gari.

Kijana akaninong'oneza kwa Kiingereza: yaya, dada yangu, tafadhali, usimwambie.

Na bosi wangu amesimama nyuma yangu, anasikiliza.

Nikaanza. "Maman... humu ndani wanauana."

Maman akaichukua gemu mkononi mwa kijana.

"Kuna damu. Kuna matusi. Na..."

"Na nini?"

Sasa niambieni, neno "uchi" unalitamkaje mbele ya mtu aliyekufundisha kuomba?

Nikaangalia chini. "Kuna wanawake hawajavaa, maman."

Mstari mzima wa wateja unangoja. Kijana anatoka jasho. Maman akaiweka gemu mezani polepole, kama yai. Nikajua sasa anamgeukia mtoto.

Akanigeukia mimi.

"Donc, kumbe wewe yote hayo unayajua. Na ndiyo unauzia watoto wa wenzako? Mama yako anajua?"

Wakatoka. Kijana hata hakugombezwa!

Sasa nimejificha ndani ya gari, simu inalia. Ni mama yangu.

Yeye anajua nauza kompyuta.

Nipokee?