Wawili Wawili Langoni mwa Zizi

Lile swali la namba kumi sikulitatua mimi. Naanza na hilo kwa sababu nikiliweka katikati nitalizunguka, na kazi ya kulizunguka nimeifanya miaka mingi kwa ufundi wa kutosha. Nilikana mbele ya mwalimu, nikakana mbele ya baba, nikaja kukana redioni na kwenye mahafali nilikoalikwa kuzungumzia bidii na kujiamini. Petro alikana mara tatu akaenda kulia. Mimi nilikana nikapigiwa makofi na kuletewa maji ya chupa.

Ninyi wa rika langu, mliosoma Bariadi ikiwa bado mkoa wa Shinyanga, mnakumbuka tulivyokuwa. Asubuhi mchakamchaka, kidumu cha maji mkono mmoja na ufagio mkono wa pili. Kitabu cha hesabu kilikuwa kimoja kwa watoto watano, na aliyekaa ng'ambo ya dawati alijifunza kusoma namba zikiwa zimepinduka. Daftari lilikuwa la kazi ya kusahihishwa tu. Mazoezi tuliandika mapajani kwa kijiti kikavu. Ukikosea unatema mate, unafuta, unaanza upya. Msichana aliyependa hesabu ulimjua kwa michirizi myeupe juu ya magoti. Mfukoni tuliweka matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa mpaka vikawa kama kokoto. Kipande kimoja kilikutosha kipindi kizima, na mwalimu akikuuliza jibu, ulikuwa na sababu ya kutofungua mdomo.

Leo mtoto analipiga picha swali, simu inamjibu kabla hajamaliza kulisoma, kisha anakuja kukwambia amechoka. Mpwa wangu alinionyesha mtambo huo kwa fahari. Nilimuuliza, "Sasa wewe umefanya nini hapo?" Akanijibu, "Nimeshika simu isitikisike, shangazi." Nilicheka kwa sauti. Nilipobaki peke yangu nikaona kwamba mwenzangu angalau amesema ukweli.

Shule yetu ilikuwa upande wa Ngulyati, na mwalimu wetu wa hesabu aliitwa Sayi. Kila Ijumaa aliandika swali moja gumu kwenye kona ya ubao, akalizungushia kisanduku, na ole wake atakayelifuta kabla ya Jumatatu. Lilikuwa swali pekee shuleni ambalo hukuchapwa ukilikosa. "Hili halina fimbo," alisema. "Hili lina aibu tu." Tulipokuwa darasa la saba alitutangazia kwamba swali la Ijumaa ile ndilo litakalochagua mtu mmoja wa kwenda Shinyanga mjini kushindana na wenye vipaji kutoka shule nyingine. Hatukuhitaji kuelezwa maana yake. Aliyetangulia kwenda huko hakurudi tena kuchuma pamba. Alikwenda sekondari ya bweni, akarudi likizo na viatu.

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Namba moja hadi kumi zimeandikwa ubaoni. Futa mbili zozote unazotaka, mahali pake andika tofauti yao. Endelea hivyo mpaka ibaki namba moja tu. Je, inaweza kubaki sifuri?

Nilianza kulifanya Ijumaa jioni. Mapaja yalijaa, nikahamia mikononi. Nilipata moja, nikapata tatu, nikapata tano, sifuri ikanikimbia. Mama alinikuta jikoni nikitazama ukuta huku ugali unaungua, akaniuliza hiyo hesabu yangu italiwa na mboga gani. Baba hakunicheka. Alikuwa karani wa mizani kwenye ununuzi wa pamba, na kwake kila kitu kilikuwa na idadi yake, hata kuku, hata vijiko. "Kisichohesabiwa kimeshaibiwa," alikuwa akisema. Nimekulia ndani ya sentensi hiyo.

Rafiki yangu Mbuke alikulia ndani ya sentensi nyingine kabisa. Aliishi kwa babu yake mzaa baba, ambaye sote tulimwita Guku kama wajukuu zake, na Guku hakuruhusu ng'ombe wake wahesabiwe. Si kwa mdomo, si kwa kidole. "Ukimhesabu ng'ombe umemwonyesha fisi," alisema, na hakuwa anatania. Lakini ng'ombe wa watu lazima ujue kama wamerudi wote. Kwa hiyo jioni Mbuke alisimama langoni mwa zizi akawapitisha wawili wawili, kila mmoja na mwenzake, na wa mwisho akaingia peke yake. Asubuhi ametoka mmoja peke yake, jioni ameingia mmoja peke yake: mambo ni sawa. Na wale wakubwa aliwajua kwa rangi na pembe kama unavyowajua ndugu zako.

"Na wakipotea wawili kwa pamoja?" nilimuuliza siku moja, mtoto wa karani.

"Wawili hawapotei pamoja. Wanasikika," akasema, akanitazama kama mtu aliyeuliza jua likikosea njia itakuwaje.

Jumapili ile, baada ya ibada, nilimfuata Mbuke malishoni kwenye bonde la mto uliokauka. Nilimwambia swali limenishinda. Yeye hakuandika mapajani. Aliokota vijiwe akavipanga mchangani, mstari mmoja kwa kila namba, viwili viwili kama ng'ombe wa Guku. Akavitazama muda mrefu. Mimi nilikuwa natafuna matobolwa na kuchungulia uso wake, nikiona wivu tayari, ingawa bado hakukuwa na kitu cha kuonea wivu.

"Angalia mikia," akasema mwishowe. Namba mbili, nne, sita, nane na kumi zote zilimalizika kwa jozi. Moja, tatu, tano, saba na tisa kila moja ilikuwa na kijiwe kimoja mkiani kisicho na mwenzake. Wapweke watano. "Ukifuta namba mbili zenye wapweke, tofauti yao haina mpweke. Wameondoka wote wawili. Ukifuta yenye mpweke na isiyo naye, mpweke bado yupo. Ukifuta mbili zisizo na wapweke, hakuna aliyeguswa. Kwa hiyo wapweke wanaondoka wawili wawili tu, Minza. Na walikuwa watano."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mmoja lazima abaki nje. Na sifuri haina mpweke. Haiwezi kubaki."

Nimesoma chuo kikuu, nimekaa mbele ya watu wenye shahada tatu wakinieleza mambo, na sijawahi tena kusikia jambo likifunguka namna ile. Nilimwomba anieleze mara ya pili, kisha ya tatu, na kila mara alipanga vijiwe upya kwa subira. Tulipoinua vichwa jua lilikuwa limeshuka na ng'ombe walikuwa wametangulia nyumbani wenyewe.

Sasa nafika kwenye lile lililo chini ya lile la kwanza.

Langoni tuliwakuta wakisubiri, jua bado halijazama. Mbuke aliwapitisha wawili wawili, nikiwa pembeni yake. Wa mwisho akaingia peke yake, kama kawaida, na Mbuke akafunga mti wa lango huku bado anaongea habari za wapweke. Lakini mimi nilihesabu. Sikukusudia, nyumbani kwetu macho yalihesabu yenyewe, kama wengine wanavyopepesa. Wiki hiyo mjomba wake wa Ipililo alikuwa ameleta mitamba wawili, bado wageni, hata rangi zao hazijazoeleka. Pamoja nao ng'ombe walikuwa ishirini na watatu. Walioingia walikuwa ishirini na mmoja.

Nilifungua mdomo. Guku alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda chake, akanisalimia, "Mwadila, ng'wanone," akiniita mwanangu kwa upole aliosalimia nao watoto wa wenzake. Ningesemaje? Kusema wamepungua wawili ni kusema nimehesabu, na kusema nimehesabu ni kusema nimewaita fisi. Nilijibu salamu. Nikaenda zangu.

Jumatatu mjomba alipita alfajiri kuwaangalia mitamba wake, hakuwakuta. Mbuke akatumwa porini. Saa mbili Mwalimu Sayi aliuliza nani ana jibu la swali la kisanduku, na katika darasa lile mkono uliokuwa juu ulikuwa wangu peke yake. Nilieleza vizuri. Nilikuwa nimefundishwa mara tatu. Mwalimu akauliza, "Hili ni la kwako, Minza?" Nikasema, "Ndiyo, mwalimu."

Mbuke aliingia kipindi cha tatu, miguu imechanwa na miiba. Alisimama mlangoni akautazama ubao: wapweke wake watano kwa mwandiko wangu. Mwalimu akamuuliza kama na yeye alikuwa amepata kitu. Aliniangalia, si kwa hasira, kama mtu anayesoma kibao cha njia.

"Ameshasema," akajibu, akaenda kukaa.

Mtamba mmoja alipatikana njiani kuelekea Ipililo. Wa pili iliokotwa ngozi yake tu. Mimi nilikwenda Shinyanga, nikaenda bweni, nikarudi likizo na viatu. Mbuke alikuja shule siku mbili kwa wiki, kisha moja, maana Guku alitaka macho yake yawe kwa ng'ombe. Alipoolewa Kiloleli, nilikuwa na mtihani. Kila mara nilikuwa na mtihani.

Mwezi huu imenifikia barua kutoka shule moja ya Bariadi: Jumamosi kuna shindano la hesabu la wasichana wenye vipaji, niwe mgeni rasmi, nieleze nilivyolitatua swali la namba kumi. Tangu hapo sikai. Nimefagia ua ambao haukuwa na jani. Nimepanga vitabu kwa urefu, kisha kwa rangi. Hotuba nimeiandika mara nne, na mara zote imekufa kwenye maneno "niligundua kwamba". Hotuba kama hizi lazima ziwe na ile sehemu ya kusema watoto wa zamani tulikuwa na akili na subira, wa leo wana simu. Sehemu hiyo imetoka bila shida. Kweli tulikuwa na siku tatu za kukaa na swali moja, na mchanga wa kupangia vijiwe, na sikumbuki tena mara ya mwisho nilipolitazama jambo moja mpaka jua likashuka. Lakini tulikuwa pia na midomo ya kufunga, na tuliifunga. Mpwa wangu ana mtambo wa kumwibia jibu. Mimi nilikuwa na rafiki.

Alhamisi, saa tisa alasiri, nilimpigia mwalimu mkuu kumwambia nimepata udhuru. Kabla sijasema akanisomea majina ya washindani, na mmoja, akasema kwa furaha, ni Kabula, mjukuu wa mama mmoja muuza dagaa wa Lamadi anayedai alisoma na mimi. Lamadi si mbali na Kiloleli. Nikaomba namba ya huyo mama. Nikapiga nikiwa nimesimama.

"Mwadila, Mbuke. Ni Minza, wa karani wa pamba."

"Mwadila." Nyuma yake soko lilikuwa linaunguruma. "Hao ni wa jana, mayu, wa leo wako upande huu," akamwambia mama mmoja mteja, kisha akarudi kwangu. "Minza wa karani. Nilikusikia redioni. Ulikuwa unajisifu."

"Ndiyo maana nimepiga. Lile swali..."

"Lile nalijua. Kwani sikuwepo?" Nikasikia kopo likichota dagaa. "Mimi nina langu. Ile Jumapili, langoni. Ulihesabu?"

Miaka yote hii nilikuwa nimejiandaa kwa swali jingine.

"Nilihesabu."

"Walikuwa wangapi?"

"Ishirini na mmoja."

Nikasikia kopo likiwekwa mezani.

"Guku alinichapa akiniuliza nani kahesabu," akasema. "Nikaapa hakuna. Nikamwambia Minza hawezi, nimemfundisha mwiko. Basi akasema kama hakuna aliyehesabu, mimi nililala malishoni. Amekufa anaamini nililala."

"Mbuke, nilikuwa..."

"Ungesema, ningewafuata jua likiwapo." Hakupandisha sauti. "Mjukuu wangu nimemwambia lile swali ni la bibi yake. Wenzake wakamcheka, bibi yako anapima dagaa. Jumamosi nafunga meza, nakuja kukaa mbele. Utasema."

"Nitasema. Nitawaambia swali lilikuwa lako."

"Swali liweke mwisho," akasema Mbuke. "Anza na ng'ombe."